Jamani, Nimetoka kwa Armitage Sasa Hivi!

Mwenzangu, zima jiko. Epua hata kama haijaiva. Kaa hapo unisikilize, maana nimetoka Piccadilly sasa hivi, viatu vimelowa chapachapa, mwavuli nimeusahau sijui ukumbini sijui kwenye basi, na wala sijali! Mvua ya Mei ya London na inyeshe itakavyo. Nimeona picha, wallahi nimeona picha, na tangu nitoke sijakaa kitako. Kwenye basi nilisimama japo viti vilikuwa vitupu.

Ni Michael Armitage. Yule mchoraji wetu kijana wa Nairobi, yule niliyekuwa nikikutumia picha zake kwenye simu ukanijibu tu kwa kidole gumba. Sasa kidole gumba hicho kirudishe! Picha zake kwenye simu ni kama harufu ya pilau iliyopita kwa jirani. Leo nimekaa kwenye sinia lenyewe. Maonyesho yanaitwa Paradise Edict, yaani amri ya peponi, yamefunguliwa tarehe 22 mwezi huu wa Mei 2021 pale Royal Academy, na mimi huyo, barakoa usoni, tiketi ya saa maalumu mkononi, baada ya miezi na miezi ya kufungiwa ndani kwa korona nikitazama ukuta wangu mmoja wenye kalenda ya mwaka jana. Unaelewa basi macho yangu yalikuwa na njaa ya namna gani.

Ukiingia tu, rangi inakupiga. Inakupiga kweli, kifuani, nikarudi nyuma hatua nikamkanyaga mzee wa watu. Zambarau! Ile ya zambarau lenyewe likishapasuka ulimini, nzito, ya kijinga, isiyofutika kwenye shati la shule. Waridi kama kashata ya dukani. Manjano ya bizari iliyomwagikia kanga nyeupe. Na kijani, loo, kijani cha kila aina: cha ukoka baada ya masika, cha embe bichi linalokupa ganzi ya meno, cha maji yaliyolala mikokoni siku nyingi. Rangi zote hizo zimekaa pamoja na hazigombani. Zinapepesuka, zinapenyana, moja inatokeza kwapani mwa mwenziwe, mahali ulipodhani ni moshi pana uso, mahali ulipodhani ni uso pana jani la mgomba. Na bado!

Na bado, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nimesimama mbali. Nikasogea.

Sasa hapa ndipo nilipopoteza adabu. Picha ina matundu! Matundu ya kweli, mwenzangu, yametoboka, na mengine yameshonwa kwa uzi mnene kama jeraha lililoshonwa na fundi wa viatu. Ina mishono inayokatiza katikati ya mti, katikati ya tumbo la mtu. Ina makunyanzi, ina vinundu, ina viraka, kitambaa kimevutwa kwenye fremu lakini hakijakubali kunyooka, kinavimba hapa, kinabonyea pale, kama ngozi ya bibi mkononi. Nikasogea zaidi. Nikasogea tena, pua imekaribia kugusa rangi, mpaka mlinzi akanikohoa. Kikohozi katika mwaka huu, unajua mwenyewe! Nilirudi nyuma haraka, yeye akacheka chini ya barakoa, nami nikacheka, na dakika tano baadaye nilikuwa nimerudi pale pale.

Kitambaa hicho si kanvasi. Ni lubugo, kitambaa cha gome cha Waganda. Na sasa subiri nikwambie kitu. Ninacho nyumbani! Unakijua, umekiona mara mia: kile kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu ninachokiweka chini ya chupa ya chai. Nilikinunua miaka mingi iliyopita kwenye soko la vitu vya watalii, nikabembeleza bei, nikaona ni pambo tu. Basi leo nimefika nyumbani, kabla hata sijavua koti, nimeiondoa chupa nikakishika kwa mikono miwili. Nimekigusa, nimekinusa, nimekisugua shavuni. Ni kikavu, kina joto, upande mmoja laini kama suede na upande mwingine una mistari myembamba, alama za nyundo. Ukikivuta kidogo kinanung'unika. Miaka yote nimekuwa nikimwagia chai kitu kama hiki!

Maana lubugo inatengenezwaje? Wazee wa Buganda wanauendea mti wa mutuba msimu wa mvua, wanalikwangua gome la nje, wanalichuna lile la ndani kwa utaratibu, kisha (hapa ndipo niliposhika kichwa) wanaufunga mti ulioachwa uchi kwa majani ya mgomba ili upone. Unafungwa bendeji! Na unapona, unaota gome jingine, mwaka unaofuata wanaweza kuuendea tena. Gome lile linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, linapigwa na kupigwa, linatanuka na kutanuka, mpaka kipande kinakuwa kitambaa cha kujitanda, kisha linaanikwa juani liive rangi. Wafalme walikivaa wakitawazwa. UNESCO waliutangaza ufundi wake kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Na kazi yake nyingine, kubwa kuliko zote?

Kuzikia. Ni sanda, mwenzangu. Nimekuwa nikiweka chupa ya chai juu ya sanda.

Na hivyo hivyo ndivyo Armitage naye alivyokutana nayo, sokoni Nairobi, kwa watalii, ikiwa imekatwa vipande vya kuuzwa kama vikorokoro. Kitu cha kumfunikia marehemu kimegeuzwa kitu cha kuwekea glasi! Mimi nilikitazama nikaona pambo. Yeye alikitazama akaona kila kitu alichokuwa anakitafuta: kitu cha kwetu, chenye historia, kilichouzwa rejareja bila anayeuza wala anayenunua kukumbuka kilikuwa nini. Alikuwa amechoka na kanvasi, ambayo ukiigusa tu kwa brashi tayari unazungumza Kiitalia na Kihispania cha mabwana wa karne zilizopita. Lubugo haikubali kirahisi. Inamjibu. Tundu likikaa mahali alipotaka kuchora jicho, basi jicho lihame, au tundu liwe jicho. Mshono ukipita katikati ya mbingu, mbingu na ipasuke. Anapaka, anakwangua, anapaka tena juu ya mkwaruzo, ndiyo maana rangi zake zina ule ukungu wa kitu kilichokuwepo kikaondolewa. Unaona kabisa mahali alipobadili mawazo!

Tena mtu mwenyewe ni mseto kama kazi yake. Amezaliwa Nairobi mwaka 1984, mama Mkikuyu, baba Mwingereza wa Yorkshire. Akaja London kusoma shule ya sanaa ya Slade, akamaliza 2007, kisha akaingia shule ya hawa hawa Royal Academy, akamaliza 2010. Kwa hiyo picha hizi zimetundikwa nyumbani kwa walimu wake! Mwanafunzi karudi, na safari hii kaja na gome la mutuba badala ya daftari. Anaishi huku na kule, Nairobi akichora kwa wino vitu anavyoviona, London akivigeuza rangi. Watu wanapenda kumuuliza yeye ni wa wapi. Mimi sikuona haja, nilipoona tu namna alivyowaketisha vijana juu ya mti nilijua.

Ule mti! Ngoja, nimechelewa kukwambia habari ya mti.

Kuna mfululizo wa picha kuhusu uchaguzi wa Kenya wa 2017. Alifuatana na wapiga picha wa televisheni mpaka kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park, akatazama. Na wewe unaijua mikutano yetu. Unajua joto lile, vuvuzela, vumbi, mtu amejipaka rangi mwili mzima, mwingine kavaa wigi, mwingine kabeba kitu ambacho hakuna anayejua kakitoa wapi, na vijana wamepanda miti mpaka matawi yanaomba radhi. Sasa picha moja, The Fourth Estate, ni huo mti. Mti mkubwa, na watu wamejaa juu yake kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, miguu inaning'inia. Nilicheka kwa sauti, kabisa, ukumbini. Nilimwona binamu yangu pale juu, nakuapia ni yeye, miguu ile ile! Halafu kicheko kikaisha taratibu, kwa sababu ukikaa nayo unaanza kujiuliza tawi litahimili mpaka lini, na wote hawa wanangoja nini, na walichokingoja kilikuja? Mtu wa sanaa atakuambia ametoa wazo kwa Goya, yule Mhispania aliyechonga picha ya watu wamekaa kwenye tawi kama ndege. Sawa, ni kweli, na inapendeza kuijua. Lakini Goya hakuwahi kufika Uhuru Park, na miguu ile ni ya Uhuru Park.

Kisha unageuka na kukutana na The Promised Land, nchi ya ahadi, na kicheko kinakufia kooni. Moshi. Moshi wa mabomu ya machozi umepakwa kwa rangi nzuri nzuri mno, laini, za peponi kweli, nami nilikuwa nimeshausogelea nikiufurahia, nikisema moyoni tazama wingu hili lilivyo tamu, kabla sijatambua ni wingu la nini. Macho yaliniwasha! Hakuna moshi mle ndani, kuna kiyoyozi tu na harufu ya sanitaiza, na bado macho yaliniwasha. Ndio mtego wake huo, mwenzangu. Anakuita kwa uzuri. Anakufungulia mlango, anakukaribisha, anakuketisha, na ukishakaa vizuri ndipo unagundua uko nyumbani kwa nani.

Ana picha nyingine ya 2015 ambayo siwezi kuiacha, ile ya #mydressmychoice. Unakumbuka Novemba 2014, wanawake wa Nairobi walipoingia barabarani kwa hasira baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye stendi? Armitage amemlaza mwanamke, mgongo kwetu, vile vile Mhispania mwingine, Velázquez, alivyomlaza Venus wake anayetundikwa hapa hapa London, National Gallery, mwendo wa miguu tu kutoka Piccadilly. Mwili mzuri, umepakwa kwa heshima. Na pembeni yake miguu, viatu vya wanaume waliosimama. Wanatazama. Na wewe je, umesimama unafanya nini? Unatazama! Umekuja kutoka kwako, umelipa, umesimama unatazama. Mimi picha hiyo ikinijia akilini hujikuta nafunga kifungo cha juu cha koti.

Nimesikia watu wakisema anawapamba mno wenye shida, anawafanya watalii wa Ulaya waione Kenya kama bustani ya nyani na migomba. Nililifikiria hilo nikiwa pale. Mbele ya picha moja mbili nilikubali kidogo, zimejaa mno, nyani huku, kichwa kule, jicho halipati pa kukaa, nikachoka. Lakini nyingi zake zinajua kabisa kwamba unataka bustani. Zinakupa bustani, kisha zinakushika shati.

Na bado! Hata sijafika kwenye chumba kilichonitoa machozi.

Kijana huyu amepewa kumbi za Royal Academy, kumbi ambazo wachoraji wanazililia maisha yao yote, na amefanya nini? Amewaita wazee wake. Ametenga chumba kwa ajili yao, kazi 31 za wachoraji sita wa kwetu: Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Asaph Ng'ethe Macua, Sane Wadu na Meek Gichugu. Kama arusi ambayo bwana arusi anasimamisha ngoma ili wajomba waketishwe mbele kwanza!

Jak Katarikawe, mtoto wa Kabale, aliyekuwa dereva kabla ya kuwa mchoraji, na ng'ombe wake! Ng'ombe wanaopendana, ng'ombe laini kama ndoto ya alfajiri, wamepakwa rangi ikachuliwa na kuchuliwa mpaka unaona wanapumua. Amefariki 2018, na nilisimama mbele yake nikamwombea. Theresa Musoke, ambaye wanyama wake wanatokeza na kupotea kwenye rangi kama unawaona kwa dirisha la matatu lenye ukungu. Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akaanza kuchora mpaka kwenye nguo zake mwenyewe, majirani wakasema huyu amerukwa na akili, naye akajibu kwa kujiita Sane, mwenye akili timamu! Jibu gani zuri kuliko hilo? Picha zake zina rangi nene mno, nilitaka kuzibonyeza kama andazi. Mlinzi alikuwa ameshanifuata chumba hicho, nadhani alinijua. Na Mzee Elimo Njau, mwana wa Marangu, aliyeanzisha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, na ambaye amewafundisha vizazi kwamba kunakili kazi ya mwenzio ni kumlaza Mungu usingizi. Nimeishi miaka yote hii nikiwajua Monet na Picasso kwa majina yao mawili mawili, na hawa babu na bibi zangu nimetambulishwa London, na mvua inanyesha. Niliona aibu, kisha nikaona raha, kisha vyote viwili kwa pamoja.

Ndipo nikaelewa Armitage anaamini nini, zaidi ya yaliyoandikwa ukutani. Anaamini mchoraji hatoki hewani. Ana Goya na Velázquez wake, sawa, hawakatai, lakini mikono iliyomlea ni hii. Na hajaishia kwenye maneno: mwaka jana, 2020, ameanzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, ili kazi za watu kama hawa zitunzwe na zionwe nyumbani, zisingoje kuletwa kwa ndege huku. Walioko Nairobi wafungue masikio, hiyo ni yao.

Nikiwa kwenye basi nikaanza kupekua simu kutafuta kazi zake nyingine, nikaangukia hii: Baikoko at the Mouth of the Mwachema River, ya 2016. Baikoko! Ile ngoma ya Tanga ambayo shangazi zetu wakiisikia hufunga madirisha, kisha huchungulia. Na Mwachema ni pale Diani, mwenzangu, pale mto unapoingia baharini karibu na Msikiti wa Kongo, pale tulipokuwa tukila mihogo ya kukaanga na mchanga ndani yake! Nilipiga ukelele. Dereva alinitazama kwenye kioo. Kuna nyingine inaitwa Mkokoteni tu, bila tafsiri, Waingereza wahangaike nayo wenyewe. Laiti majina yote yangekuwa hivyo. Hilo ndilo nung'uniko langu pekee la maana: picha zinazungumza Kiswahili cha Gikomba na Likoni, na majina mengi yamevaa tai ya Kiingereza.

Sasa nisikilize. Usiende na mtu mwenye haraka. Usianze na maandishi ya ukutani, anza na rangi, ikupige kwanza. Kisha sogea, tafuta tundu, kila picha ina tundu, litafute, na ukilipata litazame mpaka uone kazi ilivyolizunguka. Halafu tembea kando, utazame picha kwa ubavu, mwanga ukiteleza juu ya yale makunyanzi, hapo ndipo utakapojua kwa nini sijavua koti mpaka sasa. Na wazee sita wasikupite, chumba chao wengi wanakikatiza tu wakikimbilia kutoka.

Yapo mpaka tarehe 19 Septemba mwaka huu wa 2021, mlango wa upande wa Burlington Gardens, na tiketi lazima uagize kabla kwa sababu ya hii korona. Mimi narudi Jumamosi, nimeshaagiza mbili. Ya pili ni yako. Njoo na mwavuli wako, wangu nadhani utakuwa kwa yule mlinzi.